Mlango wa Motokaa Umemwangusha Bihogo

Faustini ndugu yangu,

Katika Karagwe nzima, kuanzia Kihanga mpaka kivuko cha Murongo, na ukitaka ongeza na Bukoba mjini, hakuna mtu mwenye bahati kama mimi. Nimeanza na hilo ili usiseme sikukuambia. Mlango wa motokaa umenipiga nikiwa kwenye mwendo, juu ya baiskeli, mbele ya watu, nami nimeinuka kama mtu anayeamka usingizi wa mchana baada ya kula vizuri. Nilianguka juu ya mkungu wa ndizi mbivu, laini kama godoro la Gavana. Hakuna mfupa uliovunjika. Hata jino halikutikisika. Watu wa Kihanga walinizunguka wakisema, huyu ana dawa. Nikawaambia dawa gani, mimi nimetoka Bama vitani, mabomu yenyewe yalinikwepa, itakuwa mlango?

Wewe unajua kwamba huko Bama nilikuwa jikoni namenya viazi. Lakini hata jiko lenyewe lilikuwa Bama.

Najua vilevile kwamba hukusoma. Usijali. Barua hii nitakuja kukusomea mwenyewe hapo ulipolala kwenye kibanja chako cha migomba, Veronika akiwa ameenda kisimani, maana kuna mahali sitaki mkeo asikie. Mimi darasa la tatu nilimaliza, na la nne nililitazama dirishani, kwa hiyo pakikosekana nukta pumua mwenyewe.

Habari za hapa kwako Isingiro ni njema. Mvua ilikuja. Ule mgomba nyuma ya jiko, uliokuwa ukiutukana kila asubuhi kwamba ni mvivu, umezaa mkungu mkubwa mpaka tumeuegemeza kwa miti. Umengoja wewe ufe ndipo wenyewe uzae. Una kiburi kama nduguzo. Senene walikuja wengi, Veronika akakaanga, na sufuria la kwanza akaliweka mlangoni mahali ulipokuwa ukikaa, kisha akakumbuka. Akalisogeza kwangu. Nikala mimi. Yaani, nilijaribu kula, lakini siku hizi senene naona ni wagumu, sijui wamelishwa nini.

Sasa nikueleze habari ya Bihogo, na ukae vizuri.

Watu wa huko uliko kama hawamjui Bihogo, waambie ni baiskeli. Waambie uliipa jina la ng'ombe kwa sababu ya wekundu wake ulioiva, nawe ng'ombe hukuwa naye hata mkia. Wafugaji wa kule nyikani walikuwa wakikucheka: "Faustini, huyo Bihogo wako anakamuliwa wapi?" Ukawajibu, "Maziwa yake ni kufika." Basi hawakuuliza tena, na baadaye wao wenyewe wakawa wanakusimamisha njiani ubebe samli yao.

Siku ile ya omukago, ya kufanywa ndugu wa damu, tulipochanjana tumboni, wewe ukala buni yenye damu yangu na mimi ukanipa yenye damu yako, ulikuwa umemwegemeza Bihogo mlangoni. Baba yako akauliza, "Na huyo naye anachanjwa?" Tulicheka mpaka nikapaliwa na buni yako. Nadhani bado iko mahali fulani kifuani, maana tangu ufe nasikia kitu kimekwama.

Na siku kichomi kilipokukamata hukuniachia maneno mengi. Uliniambia, "Bihogo asilale nje. Na buni ya Veronika isipandishwe kichwani." Nikakubali. Wakati ule ningekubali hata kubeba Ziwa Victoria kwa kikapu.

Tukienda sokoni, wewe ulikuwa mbele na Bihogo, mimi nyuma na kigari changu, ile baiskeli kuukuu iliyokuwa ikilia kama fisi. Mkungu niliufunga mbele kwenye usukani, unanikinga uso wote, naona mbingu na majani tu, barabara siioni. Barabara uliiona wewe. Ukipiga mluzi, njia nyeupe, nakanyaga pedali. Ukinyamaza, nakanyaga breki. Ndivyo tulivyozunguka nchi hii, Kaisho, Murongo, Kihanga, mtu mmoja mwenye macho na mmoja mwenye ndizi, na hatukugonga hata kuku.

Kigari changu kilikufa wiki ile uliyokufa wewe. Mimi nasema ni huzuni. Fundi anasema ni kutu. Basi nikawa nampanda Bihogo peke yangu. Na mluzi haupo. Sasa niambie wewe uliye na wakati wa kufikiri: kwa kanuni yetu kimya maana yake ni breki, lakini tangu ufe barabara yote ni kimya. Ningeifuata kanuni, mpaka leo ningekuwa nimesimama hapa Isingiro na mguu mmoja chini.

Siku yenyewe nilipakia gunia la buni ya Veronika nyuma, na mbele mkungu wa ndizi mbivu alioagiza mama mmoja wa Kihanga anayekamua rubisi, pombe ya ndizi. Nikapanda, nikashuka, nikasukuma penye mlima, nikapanda tena. Nilipofika ule mteremko kabla ya maduka ya Kihanga, upepo ulikuwa mzuri, nikaamua kupiga mluzi mwenyewe. Nilijipigia mluzi kwamba njia ni nyeupe. Njia haikuwa nyeupe.

Kando ya ghala la kahawa ilikuwa imesimama motokaa ya Leopoldi. Unamkumbuka Leopoldi mnunuzi wa buni, yule mwenye kofia ya kuazima na tumbo lake mwenyewe. Alinunua motokaa bei ya kahawa ilipopanda, na tangu hapo hasalimii, anapiga honi. Mimi nilikuwa napita kulia kwake, kwenye barabara halali, na mlango wa nyuma ukafunguka. Haukufunguka kama mlango wa mtu anayechungulia. Ulifunguka kama mlango wa mtu anayekimbia nyuki. Nikasikia pao! Bihogo akasimama. Mimi sikusimama.

Nilipoangalia, gurudumu la mbele lilikuwa limejikunja, uma umepinda kama pembe za fahali mzee, kengele imeruka kusikojulikana, na gunia la Veronika limepasuka. Buni imetapakaa barabarani mpaka kwenye mfereji. Watu wa Kihanga Mungu awabariki, waliinama wote wakaanza kuokota, hata wale waliokuwa wananicheka waliokota huku wanacheka.

Akatoka Leopoldi. Faustini, alitoka kinyumenyume! Ameshika kofia usoni, anakuja kwangu kwa mgongo, anasema na ghala. "We Sospeteri, huoni?" Nikamwambia, "Bwana Leopoldi, nageuzwa na kila kitu leo, hebu nawe geuka tuonane." Hageuki. Ndipo nikatazama pale mlangoni nikamwona mama mmoja mzima, amejitanda kanga mpaka puani, naye amegeukia upande mwingine kabisa, anasema na kilima. "Pole, mwanangu, waitu, pole sana." Hata mimi akaniita waitu, kama bwana mkubwa.

Alikuwa Bibi Kokutona. Mama mkwe wake.

Hapo nikaelewa. Leopoldi ana motokaa lakini adabu bado ni ya nyumbani: uso wa mama mkwe hautazamwi. Alikuwa anampeleka kwenye harusi, na usimwone mjinga, alijitayarisha. Alimketisha nyuma yake kabisa, mgongo kwa goti, ili asimwone hata kwa bahati mbaya. Kati yao akatundika shuka. Na kile kioo kidogo cha mbele, cha kutazamia nyuma, alikigeuza kikatazama paa, kwa sababu siku moja kabla ya hapo kilimwonyesha pua ya mkwe akasimamisha motokaa akaomba radhi kwa miti. Kwa hiyo Bibi Kokutona alikaa upande wa barabara, si upande wa majani. Hakuna aliyemwambia ngoja. Na yeye mwenyewe, ameketi nyuma ya kisogo cha mkwewe tangu asubuhi, alikuwa na haja moja tu duniani, kutoka.

Leopoldi akaliambia ghala, "Motokaa yangu ilikuwa imesimama. Huyu alikuwa anakuja. Aliyesimama na aliyekuja, nani kamgonga mwenzake?"

Watu wakaitikia kwa vichwa, maana ilikuwa hoja. Nikasema, "Motokaa ilisimama. Mlango haukusimama." Wakapiga makofi. Nusu yao. Nusu nyingine walikuwa wanamwuzia buni.

Kesho yake asubuhi akafika kaka yako Gervasi. Hakuuliza kama nimeumia, na sikuumia, lakini mtu huuliza. Akamzunguka Bihogo kama mnunuzi mnadani, akasema, "Sospeteri, wewe na ndugu yangu mlikula buni, sikatai. Lakini baiskeli ni ya ukoo. Nenda barazani. Ukishinda, haya. Ukishindwa, maana yake umemwangusha kwa uzembe wako, nami namchukua." Nikamwuliza amchukue ampeleke wapi. Akasema ana shughuli zake Murongo. Shughuli za Gervasi kule Murongo unazijua, ni zile ambazo askari wa forodha akitokea zinavuka mto zenyewe.

Veronika alikuwa amesimama mlangoni anasikia. Gervasi alipoondoka, akaenda kwenye lile gunia tuliloshona upya, akainama, akaliinua, akalijaribu kichwani. Akasimama nalo kidogo. Kisha akalishusha. Akaingia jikoni.



Siku ya baraza nilivaa koti langu la Bama. Nilizungumza nimeziba mdomo kwa leso, kwa sababu ya vumbi. Karani alinisimamisha mara nyingi, "Sema tena, sikusikia," nadhani ana matatizo ya masikio. Mwami, chifu wa gombolola yetu, alikuwa yule mzee mfugaji, fimbo mkononi, kando yake wazee wa baraza, na nje ya ua watu wengi kuliko wanaokuja misa ya Pasaka, maana kesi ya mlango haijawahi kusikika.

Leopoldi alianza kwa maringo. Akasema jambo la motokaa si la baraza hili, Bukoba kuna kitabu cha sheria za barabara kwa Kiingereza, twende huko. Mwami akamwuliza, "Kitabu kiko Bukoba. Baiskeli imelala wapi?" Akajibu, "Isingiro." Mwami akasema, "Basi kaa chini."

Wazee wakaanza kutafuta mlango unafanana na nini. Mmoja akasema mlango ni pembe: ng'ombe akimpiga mtu pembe, mwenye ng'ombe analipa. Mwingine akasema hapana, ng'ombe hajui, mlango ni kama lango la zizi: aliyefungua fahali wakatoka, yeye ndiye wa kuulizwa, hata kama fahali si wake. Wa tatu, yule anayesinziaga, akaamka akauliza kama mlango huu umewahi kumpiga mtu mwingine kabla, kwa sababu ng'ombe wa mara ya kwanza husamehewa. Wakamtazama Leopoldi. Leopoldi akasema mlango wake una tabia nzuri. Baraza zima likacheka, na mimi nilicheka mpaka leso ikataka kuanguka, nikaishika.

Ile ya lango ikashinda. Basi Mwami akauliza: nani alifungua?

Leopoldi akatazama miguu yake. "Sikuona, waitu."

"Wewe ndiye dereva, hukuona?"

"Sikuona."

"Motokaa ilikuwa na watu wangapi?"

Akaivuta kofia chini. Faustini, nilimwonea huruma. Amwambie Mwami mbele ya watu kwamba mama mkwe wake ndiye mwenye kosa? Afadhali aseme alifungua Shetani. Jasho linamtoka mpaka kofia imelowa. Na mimi nikaona njia nyeupe kabisa mbele yangu: niseme tu jina la Bibi Kokutona, nishinde. Baraza limtoze mama mzima aliyekuwa anakwenda harusini, aliyeniambia pole kabla mtu mwingine yeyote hajaniambia, Leopoldi aaibike asirudi kwa mkewe, na mimi nirudi na Bihogo.

Nikamfikiria Veronika na lile gunia kichwani. Nikafungua mdomo. Nikafikiria vilevile ungesema nini wewe. Ungeninyamazia. Ungekaa mbele yangu bila kupiga mluzi, nami ningejua.

Nikakanyaga breki. Nikasema, "Waitu, mimi niliona mlango tu. Mkungu wa ndizi ulinikinga." Ambayo ni kweli mpaka pale nilipoanguka.

Gervasi nyuma yangu akatabasamu, nilisikia tabasamu lake.

Ndipo nje ya ua wa matete ikasikika sauti. "Ni mimi!"

Watu wakageuka. Hakuna anayeonekana.

"Ni mimi Kokutona, nasemea hapa nje, siwezi kuingia, mkwe wangu yumo. Mkono uliofungua ni huu hapa, natamani mngeuona."

Leopoldi akajifunika kofia uso wote, akageukia ukuta. Mwami akajikaza asicheke, akauliza kwa sauti kubwa, "Mama, kwa nini ulifungua bila kutazama?"

"Nilitazama, waitu! Nilitazama upande ambao mkwe wangu hayuko. Ndivyo nilivyofundishwa. Huyu mtoto angekuwa mwanangu wa kuzaa angegeuka akaniambia, mama ngoja, baiskeli inakuja. Lakini hawezi kunitazama, na mimi siwezi kumwita. Tulikuwa tumeketi mle kama vibuyu viwili, ametundika shuka kati yetu, na kioo amekigeuza kitazame paa. Sasa nihukumuni mimi au hukumuni adabu, ila nimesimama juani na miguu inaniuma."

Wazee wakainamiana. Adabu hawawezi kuihukumu, wao wenyewe ndio wanaoifundisha. Bibi naye alitenda kwa heshima. Walinong'ona muda mrefu mpaka yule msinziaji akalala tena. Kisha Mwami akaja kwangu.

"Sospeteri. Na wewe uliendeshaje bila kuona mbele?"

Nikasema, "Zamani nilikuwa na mtu wa mbele, waitu."

"Yuko wapi?"

Faustini, swali jepesi kabisa. Karani ameshika kalamu anasubiri. Leso ilikuwa mdomoni, bahati nzuri, nikaihamisha ikapanda mpaka machoni. Vumbi la pale barazani ni baya. Mzee mmoja wa Isingiro ndiye aliyenijibia, akasema polepole, "Alikuwa marehemu Faustini, mwenye hiyo baiskeli." Na Mwami akasema, "Aa. Yule wa maziwa ni kufika." Anakujua! Mwami anakujua mpaka utani wako. Niliona fahari kama ni mimi niliyezikwa.

Hukumu aliitoa amesimama. Nakuandikia nilivyoisikia. Alisema mkono ulikuwa wa mama, lakini mama aliwekwa pale. Aliyemweka ni mwenye motokaa. Na mwenye motokaa alijua asubuhi ile, alipotundika shuka na kugeuza kioo, kwamba amebeba mtu ambaye hawezi kumtazama wala kumwonya. Hakukosea kuwa na adabu. Alikosea kudhani adabu yake inamtosha na yule anayepita barabarani. Anayemchukua asiyeruhusiwa kumtazama, achukue na wa kumtazamia. Mkewe Leopoldi angeketi nyuma na mama yake, angesema neno moja tu, ngoja, na wote tungekuwa nyumbani. Kwa hiyo kosa ni la mwenye motokaa, wala si la mama, na mlango ni lango lake popote alipo.

Akaamuru Leopoldi amtengeneze Bihogo mpaka atembee kama alivyotembea kwa mwenyewe: gurudumu jipya, uma mpya, na kengele. Na mpaka hapo, buni ya Veronika ibebwe kwa motokaa ile ile. Akaongeza kwamba kuanzia leo katika gombolola yake abiria ashuke upande wa majani, awe mkwe au asiwe mkwe.

Kisha akanigeukia, "Na wewe, mkungu usiufunge tena mbele ya macho yako. Huna mtu wa mbele sasa." Nikasema ndiyo, waitu. Gervasi alikuwa ameshaondoka. Nasikia kule Murongo anatembea kwa miguu.

Ungemwona Veronika siku ya buni! Motokaa ya Leopoldi ilikuja mpaka kwenye kibanja chako, honi inalia, kuku wanapanda migomba. Nyuma upande wa majani ameketi Bibi Kokutona, kando yake bintiye, mke wa Leopoldi, anayepiga kelele kwa kila kitu: "Mbuzi! Baiskeli! Mtu! Kisiki! Ngoja, mama, ngoja!" Leopoldi anaendesha kwa uso wa mtu aliyehukumiwa tena kila kona. Shuka bado lipo. Kioo bado kinatazama paa. Gunia likapakiwa, na Veronika akaketi mbele kama mke wa Mwami, akanipungia mkono. Alicheka, Faustini. Tangu tukuzike sikuwa nimesikia kicheko chake, na nilikuwa nimesahau kwamba kina mlio kama wa kitu kinachovunjika bila hasara.

Bibi Kokutona tangu hapo hunitumia kibuyu cha maziwa kila akipata mtu wa kuja huku. Na Veronika akinipikia ndizi huziponda mpaka zinakuwa uji. Siwaulizi sababu. Wanawake wana huruma zao.

Bihogo amerudi. Wekundu umechubuka kidogo ubavuni, lakini gurudumu linazunguka bila kulalamika. Halali nje, namlaza ndani, miguuni pangu, na akidondosha mafuta namsamehe. Mkungu sasa naufunga nyuma. Barabara naiona yote. Nakuambia kweli, ni barabara mbaya kuliko nilivyodhani, ina mashimo mengi, sijui ulikuwa unanipitishaje.

Nisikuchoshe. Lala vizuri hapo chini ya mgomba wako mwenye kiburi. Nitakapoisoma barua hii nitaikunja niifukie kwenye udongo wa kichwani pako, pamoja na punje za buni, utafune ukizisikia habari. Nakuahidi haya: gunia la Veronika halitapanda kichwani pake wakati Bihogo ana magurudumu na mimi nina miguu. Na kila nitakapoipita motokaa iliyosimama, iwe na mtu ndani au haina, nitapiga kengele. Watu watasema Sospeteri amerukwa na akili, anaisalimia motokaa tupu. Waache waseme. Wewe utajua ninayemsalimia ni nani.

Kengele, kwa sababu mluzi sina tena. Yale niliyokuandikia pale juu si kweli, ndugu yangu. Meno yangu mawili ya mbele yamebaki Kihanga barabarani, na bahati sina tangu tulipokuzika.

Ndugu yako wa buni,
Sospeteri